Kilima Kilichochelewesha Mvua

Uongo nimeuacha nje pamoja na ndara zangu. Kama umepita dirishani wakati nahangaika na kiti, basi tunao humu ndani; uvumilieni, hauna pengine pa kulala.

Nilifika nchi ya Hima kwa kukosea njia. Nilikuwa nakwenda kumpa pole shemeji yangu aliyefiwa na ng'ombe, na shemeji mpaka leo hajapewa pole. Zaidi ya hapo safari haina la kusimulia. Nchi yenyewe ndiyo yenye mambo.

Hima ni nchi ya vilima na misitu. Miti ipo, tena mikubwa, lakini chini ya miti hakuna kitu. Nikisema hakuna kitu namaanisha hakuna jani, hakuna kijiti, hakuna ganda la tunda. Ardhi imefagiwa ikafagiwa mpaka inang'aa kama sakafu iliyopakwa rangi kwa ajili ya Idi. Jani likianguka lina ruhusa ya kulala chini mpaka baragumu la jioni. Baada ya hapo ni kosa, si la jani, la mwenye kilima. Kila kilima kina mwenyewe, na mtoto wa nyumba akianza tu kusimama dede anakatiwa fagio lake dogo. Miti nayo imebaki imesimama juu ya mizizi yake, kama kuku anayevuka dimbwi.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni milango. Milango ya Hima iko juu. Unaingia kwa ngazi, vipandio vinne, nyumba nyingine saba. Nikamwuliza aliyenipokea kwa nini wanajenga hivyo. Huyu alikuwa Bwana Machano, Msimamizi wa Uwahi wa wilaya ile, mtu mwembamba anayetembea kwa ncha za vidole kana kwamba ardhi ina moto.

"Hatujengi juu," alisema. "Nyumba zetu zinakua. Kila masika zinakua kiasi cha kiganja. Nyumba ya babu yangu mlango ulikuwa chini kabisa, mbuzi alikuwa anaingia bila kualikwa. Leo ina vipandio tisa. Niambie, mzee, nchi gani nyingine nyumba zinakua zenyewe?"

Nikasema kwetu hakuna. Nikatazama mawe ya msingi yaliyokaa wazi chini ya ukuta, marefu na ya manjano kama meno ya punda mzee, nikameza mate. Mtu hajapewa hata kiti, ataanzaje kubishana?

Nchi ile inaogopa jambo moja tu, nalo ni kuchelewa. Mzee akikuona kwa mbali anakwambia "Marahaba" kabla hujamwamkia, ili mambo hayo yaishe. Msibani watu wanalia mpaka birika la chai lichemke, kisha wanafuta macho na kuondoka. Maharage ni marufuku kwa sababu ya muda yanaotaka jikoni, choroko zinavumiliwa. Hata ile methali yetu ya haraka haraka wanayo, ila wameikata kiuno. Wanasema "Haraka haraka," wanaishia hapo, wanaitikia kwa kichwa kama waliosikia busara.

Sheria yao ya mvua ndiyo mama wa sheria zote. Chini ya kila kilima kuna birika kubwa la mawe lenye mlango wa ubao, na pembeni yake anasimama mpiga baragumu. Mvua ikianza, mlango unafunguliwa. Tone la mwisho likishaanguka, baragumu linalia na mlango unafungwa. Maji yaliyoingia kabla ya baragumu ni maji. Yanayofika baada ya hapo si maji. Hayana jina. Yanafukuzwa yapite porini, na mtu akionekana anayakinga anaulizwa anakinga nini, naye anakosa la kujibu, maana kitu hicho kisheria hakipo.

Kwa hiyo watu wa Hima wanapenda maji yanayokuja mbio, yenye kelele. Mvua ikinyesha wanajaa ngazini kushangilia mto unavyovuma, mwekundu na mzito. "Maji yameshiba hayo!" wanaambiana. Maji maangavu kwao ni maji yenye njaa. Yale yaliyoshiba yanatuama birikani, nusu yake inakuwa tope, tope linarudishwa mtoni kwa majembe. Miezi mitatu baada ya masika utakuta birika lina nyufa na vyura wawili watatu waliokata tamaa.

Sasa, Bwana Machano aliponiuliza kazi yangu, nikamwambia nimestaafu, miaka thelathini na moja nilikuwa mpiga kengele wa stesheni ya reli. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mpiga kengele!" alisema. "Mzee, wewe hukupotea. Umeletwa."

Ningemwambia kwamba treni zenyewe hazikuwahi hata siku moja, na mimi kazi yangu ilikuwa kupiga kengele tu, iwe ipo au haipo. Lakini heshima ni kama wali wa harusi, ukishapakuliwa huulizi nani kaupika. Nikaipokea.

Akanieleza shida yake. Kulikuwa na kilima kimoja, Kilima cha Mikungu, ambacho hakijafagiwa tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mwenyewe ni mjane mmoja, Bi Siwema binti Hamadi. Mvua ikinyesha kilimani kwake haifiki. Inafika siku ya tatu, kimya kimya, kama mwizi. Shauri lake litasikilizwa baada ya siku kumi na Baraza la Uwahi, na Baraza linataka shahidi anayejua uchelewaji kitaalamu.

"Utakaa kwake," akasema. "Utazame. Siku ya baraza utasema."

Nyumba ya Bi Siwema mlango wake ulikuwa chini, usawa wa ardhi, kama nyumba za Waislamu na Wakristo wote wa duniani. Majirani waliiita nyumba iliyodumaa. Mwenyewe alikuwa mrefu, mzito wa kuinuka, kucha zake nyeusi kwa udongo. Aliniangalia kutoka miguuni hadi kofiani.

"Wewe ndiye shahidi wao?"

"Ndiye mimi, bibie."

"Umekula?"

Tangu niingie Hima hakuna aliyeniuliza hilo. Nikasema nimekula, kwa adabu.

"Unaongopa. Kaa. Maharage bado yana saa mbili motoni."

"Maharage si marufuku?"

"Hata mimi ni marufuku. Kaa."

Nikakaa. Na tangu siku ile tukaelewana, yeye akiniita Mzee Kengele, mimi nikimwita Bi Siwema, tukibishana juu ya chumvi kama watu waliooana zamani.

Nyuma ya nyumba, pale kilima kinapokanyaga bonde, palikuwa na jiwe lenye ufa, na katika ufa ilitoka chemchemi. Si kubwa, unene wa kidole gumba. Lakini ilitoka masika na kiangazi, mchana na usiku, ikajaza bakuli la mawe lenye ukubwa wa sufuria ya pilau. Na niliona jambo ambalo Bwana Machano hakuniambia. Kila adhuhuri, saa ambayo sheria ya Hima inawapa watu robo saa ya kusinzia, mlango wa nyuma ulikuwa unabishwa. Mtu anaingia amejifunika kanga au kofia ameivuta puani, ana dumu.

"Hujambo, Bi Siwema. Nimekuja kuchukua kile kitu."

"Kiasi gani?"

"Lita kumi za kile kitu, kama kipo."

"Kipo. Mjomba wako kapona?"

Nilihesabu nyumba kumi na mbili. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno maji, maana angelitamka angekuwa ameungama. Bi Siwema hakuwahi kumnyima mtu.

"Wakikifagia kilima hiki," aliniambia siku moja akisuuza madumu yao, "hili jiwe litakauka. Nilizaliwa hapa. Sitakuwa na pa kukaa, lakini mimi ni mmoja. Hawa je? Hawajui wanachokunywa kinatoka wapi. Wanadhani jiwe linatoa jasho."

Siku ya nne mvua ikaja. Bi Siwema akajifunika gunia kichwani, akanipa na mimi la kwangu.

"Twende ukamwone mshtakiwa."

Tukapanda mpaka katikati ya mikungu, ile miti mikubwa ya majani mapana, majani yaliyodondoka yakitufika juu ya vifundo vya miguu. Akaniamuru nipige magoti, mimi na magoti yangu haya, akaushika mkono wangu na kuuingiza chini ya majani mpaka kiwiko, kama mtu anayepapasa mayai chini ya kuku aliyeatamia.

"Unasikia nini?"

"Pakavu. Tena pana vuguvugu."

"Na mvua inanyesha?"

"Inanyesha, imeshaniingia mgongoni!"

"Basi nyamaza ungoje."

Nikangoja, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikatazama. Juu kabisa yamelala majani ya mwaka huu, makavu, magumu kama ngozi ya ngoma. Tone linaanguka juu yake linadunda, linajikunja, linatafuta bonde la jani na kukaa humo na wenzake. Jani linalemewa. Linainama kidogo, linamwagia la jirani, la jirani linamwagia la pili yake, kama maji yanavyoshuka vigae. Chini yake yamelala ya mwaka jana, laini, yaliyoliwa yakabaki mishipa tu, kama chujio la chai. Hayo hayamwagi kitu, yanachuja. Na chini ya hayo kuna tabaka la tatu, ambalo huwezi tena kuliita majani. Ni jeusi, laini kama mashapo ya kahawa, limeshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe nyembamba ambazo sijui fundi wake nani, na ukilikamua linarudi umbo lake kama dodoki la kuogea.

Juu mvua inapiga makofi. Chini kimya. Muda ukapita ambao Hima ungetosha kuoa na kuacha. Kisha kidole changu cha kati kikapata ubaridi. Halikuwa tone. Ilikuwa kama mtu amekipumulia.

"Yamefika," nikasema, na sioni haya, nilinong'ona.

"Yamefika wapi! Hapo ni barazani tu." Alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza. "Maji hapa hayapiti kama farasi. Yanapiga hodi. Jani la juu linasema karibu, yanakaa, yanakunywa kahawa. Yakiaga yanapiga hodi kwa wa chini, na wa chini wana maneno mengi, hawayaachii upesi. Yakitoka hapo kuna matundu ya nyungunyungu, kuna njia za mizizi iliyokwisha kufa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi siku ya tatu yanashika jembe, yanatokea kazini kule jiweni."

"Na mvua ikiwa kidogo?"

"Ikiwa kidogo majani yanakunywa yote, chini halifiki hata tone. Sikufichi. Majani si malaika." Akaufukia mkono wangu vizuri, kama anayemfunika mtoto. "Hilo usiwaambie barazani."

Siku ya tatu baada ya mvua tulikwenda jiweni. Chemchemi ilikuwa imenenepa. Nilikinga kwa kiganja. Yalikuwa maangavu, baridi ya kuuma meno, yana ladha ya mbali ya majani, kama chai aliyoinywa mtu mwingine.

Baraza la Uwahi lilikutana uwanjani. Hakuna viti, kwa kuwa kukaa kunazaa kukawia. Waamuzi wote watatu walisimama, na Mwamuzi Mkuu, Mzee Pandu, aliyekuwa na umri wa kutosha kuegemezwa ukutani, alisimama akitetemeka. Anayesema anapewa njiti moja ya kiberiti, inawashwa mbele yake. Ikimuunguza kidole, amemaliza.

Wakaanza na jaribio. Ndoo ya maji ilimwagwa juu ya kilima cha jirani, kilichofagiwa. Kabla ndoo haijatua chini, maji yameshafika bondeni, mekundu, yamebeba kokoto na mjusi. Watu wakashangilia. Ndoo ya pili ikamwagwa Kilima cha Mikungu. Wote wakageuza macho bondeni. Hakuna kitu. Mzee Pandu akahesabu mpaka ishirini.

"Maji yako wapi?"

Karani wa Baraza akaigeuza ndoo, akaigonga kitako.

"Ndoo nzima imeibwa mbele ya macho yetu," akasema Mzee Pandu.

Akaitwa jirani, Bi Kidawa, mama mnene mwenye pete tatu. Akashika njiti. "Kilima kile kinatutia aibu sisi tuliopakana nacho. Majani yale yanaiba mvua ya Mungu. Mimi tangu nizaliwe sijaona hata tone likitoka pale."

"Dumu lako nimelisuuza, Kidawa," Bi Siwema akasema kwa upole kutoka mahali alipokuwa. "Ukitoka hapa lipitie."

Watu uwanja mzima wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Mzee Pandu akamkemea Bi Siwema kwa kusema bila njiti, wakampa ya kwake.

"Tone linapoanguka," akaanza, "jani la kwanza linali..."

"Fupisha, bibie."

"Hayafupishiki, mzee wangu. Maneno yangu mimi yanataka jiko la mkaa, nanyi mmenipa njiti." Akaendelea. Alieleza tabaka la kwanza vizuri, bila kupapatika. Moto ukashuka. Akaingia tabaka la pili, lile la chujio. Moto ukafika kwenye kucha. Nilisikia harufu. Yeye aliendelea kusema kwa sauti ile ile, jasho likimtoka juu ya mdomo, akasema, "Na chini ya hilo kuna la tatu, ambalo ndilo..." na karani akaipiga njiti ikaanguka.

Tabaka la tatu halikusikilizwa.

Ikawa zamu yangu. Nisikilizeni hapa, maana hapa sina pa kujificha. Nilikuwa na njiti nzima. Tabaka la tatu nililijua. Nililigusa kwa kidole hiki. Ningeweza kuanzia pale pale alipokatwa na kumaliza, muda ungetosha kabisa. Lakini Mzee Pandu akaniuliza, "Wewe mpiga kengele, huko kwenu anayechelewa anafanywa nini?" Na ulimi wangu una tabia moja tangu ujana: ukiona watu wengi wamenyamaza, unatoka nje bila kuniaga.

"Kwetu," nikasema, "anayechelewa sana anawekewa kiti cha mbele. Wakubwa wetu wote wanafika mwisho, na shughuli haianzi bila wao."

Nyumbani kwetu hapo watu wangeshikana mabega kwa kucheka. Hima hakucheka mtu. Mzaha unamtaka msikilizaji angoje kidogo kabla hajaelewa, na kule hakuna anayengoja. Waamuzi walitazamana, nyuso zimewapauka.

"Kumbe," Mzee Pandu alisema polepole. "Kumbe ndivyo ilivyo. Maji yale hayazembei. Yanachelewa makusudi. Yanataka ukubwa."

"Hapana, jamani, natania..."

Njiti ikaniunguza.

Kilima cha Mikungu kikaonekana kina hatia ya kuchelewesha mvua, na juu ya hiyo, hatia ya kutamani utawala juu ya vilima vingine. Kifagiwe kesho, kabla ya baragumu la jioni.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Hakunigombeza. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Ulikuwa na njiti nzima, Mzee Kengele." Kisha akaingia ndani, akanipakulia chakula, kingi kuliko siku zote.

Walikuja watu arobaini, Bi Kidawa akiongoza. Tabaka la juu liliondoka kirahisi, watu wakiimba. La pili liling'ang'ania, nyimbo zikapungua. La tatu halikutaka fagio. Wakaleta majembe, wakalibandua vipande vipande kama mkeka wa zamani, na zile nyuzi nyeupe zikikatika bila sauti. Nyungunyungu walibaki juu ya ardhi tupu wakijinyonganyonga. Kufikia alasiri walikuwa wamekauka kama nyuzi za viatu. Sheria inamtaka mwenye kilima naye afagie, basi Bi Siwema alichukua fagio, akafagia kizingiti chake, huku na huku, huku na huku, mpaka watu walipoondoka. Majani yakachomwa. Moshi ulikaa bondeni siku tatu. Ndicho kitu pekee nilichokiona kikiruhusiwa kukawia Hima.

Masika yakaingia siku ya tisa. Hakuna aliyekufa, nawaambia mapema ili mtulie. Saa ya kwanza maji yalishuka Kilima cha Mikungu kwa kelele ambayo haikuwahi kusikika pale, mekundu, yameshiba, na bonde zima likatoka ngazini kupiga makofi. Bwana Machano alikuwa na machozi. Saa ya pili ulikuja udongo. Saa ya tatu jiko la Bi Siwema lilishuka likiwa na sufuria yake. Mikungu ikaanza kulala, mmoja baada ya mwingine, pole pole, kama wazee waliochoka kusimama harusini. Kisha kilima chenyewe kikaja. Mpiga baragumu alipuliza akiwa kwenye tope mpaka kiunoni, na alipopuliza, birika lilikuwa limejaa kilima mpaka ukingoni.

Kesho yake majirani walikuja kuiangalia nyumba. Mlango sasa ulikuwa juu, ukining'inia. Ili kuuingia ulihitaji vipandio vitatu.

"Hongera, Bi Siwema," walimwambia, na nadhani walisema kwa moyo safi. "Nyumba imeanza kukua."

Chemchemi haikukatika siku ile. Ilitoka siku tisa zaidi, kila siku nyembamba kuliko jana. Bi Siwema alikuwa anakaa mbele yake kutwa, mikono mapajani.

"Hayo yaliyobaki yalikuwa bado ndani," aliniambia. "Yalikuwa njiani, hayana habari. Yanatoka yakidhani nyumba bado ipo."

Siku ya kumi palikuwa na unyevu juu ya jiwe. Ya kumi na moja palikuwa na sisimizi.

Kiangazi kilipofika na mabirika yakabaki na vyura, watu walianza kuja adhuhuri kama zamani, kanga usoni, madumu mkononi. Walisimama mbele ya ufa. Hakuna aliyeuliza. Kama kitu hakikuwapo kisheria, unalalamikaje kwamba kimeondoka? Walisimama robo saa yao, wakaondoka.

Mimi ningeweza kwenda zangu, nilikwisha kuelekezwa njia. Sikwenda. Mikungu miwili ilikuwa imebaki juu ya mwamba, na Bi Siwema alikuwa amejipa kazi. Kila asubuhi aliokota majani yaliyodondoka, akayalaza chini, moja juu ya ukingo wa jingine, akayawekea mawe yasipeperuke. Baragumu la jioni likikaribia aliyakusanya yote kwenye kanga, akayaingiza ndani, maana sheria ilikuwa haijabadilika. Asubuhi akayatoa tena, akayapanga upya. Mimi nilikuwa mwokota mawe.

Tulikuwa kwenye kazi hiyo adhuhuri moja Bwana Machano alipokuja. Alikuwa amekonda zaidi, midomo imempasuka. Mkono mmoja alishika nishani ya shaba yenye utepe. Mwingine alishika dumu, wala hakulificha.

"Bi Siwema," akasema, "Baraza limekutunuku. Katika historia ya Hima hakuna kilima kilichowahi kufika chote kabla ya mvua kukatika. Chako ni cha kwanza."

"Ahsante, mwanangu. Iweke hapo juu ya lile jani, naona upepo unalitaka."

Akainama, akaiweka. Hakuondoka. Akahama mguu huu, akahama ule.

"Nyumbani nina mgonjwa," akasema. "Ya birikani hayanyweki. Hili jiwe... maji yatarudi?"

"Yatarudi."

Uso wake ulifunguka wote. "Lini?"

Bi Siwema alimwonyesha majani pale chini. Yalikuwa saba.

"Haya yaoze kwanza. Mengine yaje yalale juu yake, nayo yaoze, na mengine tena. Zile nyuzi nyeupe zishone. Nyungunyungu warudi, wachimbe. Bibi yangu alimkuta bibi yake akikitunza kilima hiki, na kilikuwa tayari kizee. Wewe piga hesabu."

Bwana Machano hakupiga hesabu. Aliyatazama majani yale saba, moja likiwa na nishani. Akatazama mbingu, nyeupe, haina wingu. Kisha akachuchumaa, akalisogeza dumu lake mpaka mdomo wa dumu ukagusa ufa wa jiwe kavu, akalishikilia hapo lisianguke, akamwuliza Bi Siwema kwa adabu zote kama haiwezekani ikawa leo.